Mgeni Aliyekataa Kuomba

Jumatatu saa tatu asubuhi, Thuranira, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji pale Mitunguu, alijificha ndani ya migomba yake mwenyewe. Hakuwa amemwibia mtu. Hakuna askari aliyemtafuta. Alimwona tu mgeni akifungua lango la chini, mtu mrefu mwenye kofia ya kijivu na chupa ya asali mkononi, akamtambua. Akaangusha jembe, akainama, akatambaa kwa magoti mpaka mahali ambapo majani yalifunika jua.

Mgeni alikuwa Njura, kutoka Siakago, upande wa Mbeere. Hawakuwa ndugu wa damu wala hawakusoma pamoja. Walikuwa gichiaro. Koo zao zilikula kiapo enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, na kiapo hicho hakikupata kufunguliwa: gichiaro akikuomba kitu, humnyimi, akikuuliza jambo, humdanganyi. Watu wa Meru wamebatizwa, wamesoma, wametoa mahakimu na makasisi, lakini mwambie mmoja wao kwamba gichiaro wake amesimama langoni uone kama hatapangusa mikono kabla ya kwenda kumpokea.

Thuranira hakupangusa. Alijua kilichomleta Njura, na alikuwa amejifanyia hesabu yake: asiyeonekana haombwi, na asiyeombwa hajanyima.

Kisa kilikuwa barua mbili. Zote zilikuwa za Makandi, binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha serikali: amekubaliwa kusomea udaktari. Ya pili ilitoka kwa wafadhili waliopanga chumba cha ofisi kule Kaaga, mjini Meru: amekubaliwa kusomea udaktari huohuo India, na ndege, bweni, vitabu na chakula vyote vimelipiwa, miaka mitano na nusu. Wafadhili walikuwa na nafasi moja tu kwa watoto wa makanisa yote ya Meru na Embu. Kwenye ubao wa ofisi yao kulikuwa na majina matatu. La Makandi lilikuwa juu. La pili, mtu wa akiba, lilikuwa la Munyi, mwana wa Njura. La tatu lilikuwa la Kinoti fulani, ambaye baba yake alikuwa na duka la mabati mjini.

Munyi aliukosa udaktari wa serikali kwa alama moja. Mlango wake ulikuwa huo mmoja, na Makandi alikuwa amesimama katikati yake akiwa na ufunguo wa mlango mwingine mfukoni.

Mambo haya yangebaki siri kama Thuranira angejua kufunga mdomo. Lakini Jumapili mbili zilizopita alisimama kanisani wakati wa matangazo, akainua bahasha zote mbili juu ya kichwa, akasema, "Binti yangu anagombaniwa!" Watu wakapiga makofi. Habari ikavuka mto Thuci hadi Mbeere kabla ya wiki kuisha. Sasa alikuwa amelala kwenye matope, akijificha kutokana na sauti yake mwenyewe.

*

"Hodi hapa!" Njura aliita.

Makandi ndiye aliyetoka. Alikuwa na sufuria mkononi, akaiweka chini, akamwinamia mzee kwa heshima.

"Hujambo, mwanangu. Ndiwe daktari?"

"Bado, mzee. Sijambo."

"Baba yako yuko?"

Hakuna aliyemfundisha la kusema. Mama yake, Celina, alikuwa jikoni. Baba yake hakuwa amemwachia neno. Alikuwa amemwona tu akipotea kwenye majani, na akaelewa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, "Ngoja nimtazame." Badala yake jibu lilitoka laini, kama kitu kilichokuwa tayari mdomoni.

"Ameenda Nkubu, mzee. Ameondoka mapema."

Njura alimtazama kitambo, kisha akavua kofia. "Basi nitamngoja."

Akaketi kwenye kiti kilichowekwa kibarazani, akielekea shamba. Celina alipotoka na kumwona, alimsalimu kwa mikono miwili, kisha akamvuta binti yake ndani kwa kiwiko.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba baba ameenda Nkubu."

"Makandi! Unajua huyo ni nani?"

"Najua, mama."

"Mimi ningemwambia yuko haja. Ningemwambia anaumwa na tumbo! Hata tumbo lingekuja kweli kwa aibu." Celina alijishika kichwa. "Wewe umesema Nkubu. Na hajaenda hata kwenye choo."

Gichiaro hukaribishwa kwa kilicho bora nyumbani. Celina akaponda mukimo, akachinja jogoo aliyekuwa akingojewa na Krismasi. Njura alikula taratibu, akasifu, akaeleza kwamba mvua ya Siakago ilikuja ikapita kama mtu aliyekosea nyumba, na kwamba pojo zimekauka zikiwa na maua. Hakutaja chuo. Hakutaja mwanawe. Kila mara macho yake yalirudi shambani, kwenye maji yaliyokuwa yakirushwa juu ya migomba na kuanguka kama mvua ya kununuliwa.

Saa sita Celina alichukua ndoo, akaweka bakuli la chakula chini, akafunika kwa nyasi za ng'ombe, akaenda shambani akiimba wimbo wa kanisa ili asionekane ana haraka. Alimkuta mumewe amechuchumaa, shati limemganda mgongoni.

"Kula."

"Ameomba?"

"Ataniomba mimi nini? Anakungoja wewe. Mwanamume mzima, mwenyekiti wa kamati, umejibanza hapa kama nguchiro aliyeiba mayai."

"Punguza sauti."

"Toka umwambie hapana, kama unaweza."

"Siwezi. Unajua siwezi. Akifungua mdomo tu, nafasi ni yake." Thuranira alimeza tonge bila kutafuna. "Kaberia wa pale juu, mwanawe yuko mwaka wa sita chuo cha serikali, na bado yuko darasa la mwaka wa tatu. Wahadhiri wakigoma, kinafungwa. Wanafunzi wakirusha mawe, kinafungwa. Kijana anauza nguo kuukuu sokoni Nkubu! Ndio huko unataka Makandi aende?"

"Sijasema nataka nini. Nimesema una matope sikioni."

Akamwacha. Lakini kulikuwa na jambo lililomtesa Thuranira kuliko matope. Mitunguu maji ni ya zamu. Zamu yake ilikuwa Jumatatu, mpaka saa tisa, na yeye ndiye aliyewatoza faini waliolala zamu zao. Bomba la kunyunyizia lilikuwa limesimama mahali pamoja tangu asubuhi. Ardhi pale ilikuwa imekunywa mpaka imetapika, na mistari mingine ilikuwa mikavu. Alivumilia mpaka saa saba. Halafu mkulima ndani yake akamshinda mwoga. Akatambaa, akalishika bomba, akalihamisha mistari minne. Baada ya saa moja akalihamisha tena.

Makandi aliyaona hayo akiwa kibarazani, ameshika birika la chai. Aliona maji yakikatika upande wa kushoto, yakazuka upande wa kulia. Akamtazama Njura. Njura alikuwa anatazama palepale.

Makandi akamimina bila kutazama kikombe, chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Usijali," Njura akasema. "Nitainywa hivyohivyo."

Saa nane na nusu alisimama, akavaa kofia.

"Mzee, si umngoje kidogo?" Celina alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba asikubaliwe.

"Nimekula, nimeshiba. Mwambieni Thuranira nilikuja kumsalimu." Alitua, akapima maneno yake. "Mwambieni sikuomba kitu. Mlisikie vizuri hilo, nyote wawili. Njura alikaa hapa kutwa nzima na hakuomba kitu."

Akashuka ngazi. Alipofika kwenye migomba, alisimama, akasema bila kuinua sauti na bila kumtazama yeyote:

"Na anayehamisha bomba mumwambie kona ile ya chini haijapata maji."

*

"Hakuomba," Thuranira alisema jioni, miguu yake ikiwa kwenye karai la maji ya moto. "Amesema mwenyewe. Hakuomba, basi hatukumnyima. Hakuna kosa hapo."

"Amekuona," Celina alisema.

"Kuona si kuomba."

"Na kudanganywa je? Kudanganywa ni nini, Baba Makandi?"

Thuranira alimtazama binti yake, akatazama kando. Hakuweza kumkemea kwa uongo ambao yeye ndiye aliyeula. "Mtoto alisema alichofikiri."

"Nilijua uko shambani," Makandi alisema.

Kama angelia, wangembembeleza. Kama angesema alimhurumia baba yake, wangemwamini. Lakini hakumdanganya mgeni kwa ajili ya baba. Alidanganya kwa sababu aliitaka ile ndege. Aliitaka usiku na mchana, tangu siku bahasha ilipofika ikiwa na stempu ya picha ya tausi. Alimjua Munyi, walikutana siku ya usaili, wakagawana mkate, akamcheka kwa sababu alikuwa ameandika majina yote ya mifupa ya mkono kwenye kiganja chake. Alimpenda kama unavyompenda mtu unayemshinda.

"Jumatano unaenda Kaaga," baba yake alisema hatimaye. "Unatia sahihi, unapiga picha za pasipoti. Ijumaa saa sita wanafunga. Tukimaliza, nitampelekea Njura mbuzi."

"Mbuzi wa nini," Celina aliuliza, "kama hakuna kosa?"

*

Karani wa wafadhili aliitwa Nelius. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimwita kila mwanafunzi kwa kazi anayoitaka.

"Karibu, daktari! Nilidhani umetukimbia. Chukua kalamu, hapa na hapa."

Makandi alichukua kalamu. Alikuja kukubali, tusimvike utakatifu ambao hakuwa nao. Alishaandika herufi ya kwanza ya jina lake alipoinua macho ukutani na kuona orodha. Jina la pili lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

"Mbona Munyi amekatwa?"

"Ah, hiyo." Nelius alivua miwani. "Baba yake alikuja hapa jana asubuhi, na kijana. Alilala mjini, nadhani, suruali imejaa vumbi. Akasema futa jina. Nikamwambia mzee, mtu wa akiba hana hasara, kungoja hakulipiwi. Akasema, siwezi kukaa nikingojea mtoto wa gichiaro wangu ateleze. Kungoja hivyo ni kumwombea mabaya. Kijana alitia sahihi, kalamu ikatoboa karatasi." Akatikisa kichwa. "Mimi ni wa Kirinyaga, hayo mambo yenu siyajui."

"Kwa hivyo nikikataa..."

"Ni ya Kinoti. Ameshapiga simu mara mbili. Lakini wewe unakataa kwa nini?"

Makandi angeweza kuimaliza sahihi. Hakuna aliyebaki wa kudhulumiwa ila mwana wa mwenye duka la mabati. Njia ilikuwa imefagiliwa, na aliyeifagia alikuwa yule aliyekaa kibarazani akinywa chai iliyomwagika. Hilo ndilo lililomshinda. Angetukanwa, angetia sahihi. Angelaaniwa, angetia sahihi na kuomba dua.

"Jina likikatwa, linaweza kurudi?"

"Kwa sahihi yake mwenyewe na ya mzazi. Kabla ya Ijumaa saa sita. Na wewe uwe umeandika kwamba umeacha."

"Nipe fomu mbili, ya kuacha na ya kurudisha."

"Makandi," Nelius alisema, sasa bila utani, "hiki kitu hakirudi ukishakiacha. Umeongea na baba?"

"Baba ameenda Nkubu," Makandi alisema, kisha akafunika mdomo kwa mkono.

*

Nauli ya kwenda Siakago ilitoka kwenye pesa za picha za pasipoti. Alifika saa tisa, jua likiwa bado kali, akaelekezwa njia inayopita kati ya miiba na mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna. Rwamba, mke wa Njura, alikuwa anapepeta pojo uani. Hazikujaa hata nusu ya ungo. Munyi alikuwa anatengeneza mzinga wa nyuki. Alimwona, akaendelea kupiga msumari.

Njura alitoka ndani. "Mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna, mzee." Alisema akiwa bado amesimama, kabla ya kupewa maji. "Jumatatu nilikwambia baba ameenda Nkubu. Alikuwa shambani. Nilijua. Hakuna aliyenituma niseme."

"Nilijua tangu uliponijibu. Hukuuliza nimetoka wapi wala nimekuja na nini. Mwenye nafasi ya kuuliza hana la kuficha." Akamwonyesha kiti. "Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kuomba, mzee. Lakini si msamaha." Akatoa fomu, akaziweka juu ya meza ndogo. "Naomba urudishe jina la Munyi."

Ungo wa Rwamba ukasimama. Kisha mama yule akacheka, kicheko kikavu cha mshangao. "Amekufunga kwa kiapo, Baba Munyi! Maombi yametoka Mitunguu, yamekuja kukufunga nyumbani kwako!"

Njura hakucheka. Alikunja uso, na kwa mara ya kwanza Makandi alimwogopa.

"Unajua unachokifanya? Mimi nilikaa kwenu kutwa nzima na ulimi nikaufunga. Nilikuja kuomba, ndiyo, nilitoka hapa nikiwa nimeyapanga maneno. Nilipomwona baba yako akitambaa kwenye tope, niliyameza, kwa sababu kumwomba mtu anayetambaa ni kumnyang'anya. Na wewe unakuja kuniomba mimi mbele ya mke wangu, mahali nisipoweza kusema hapana?"

"Ndiyo, mzee."

"Huo ni ujanja."

"Ndiyo, mzee. Sikupata njia nyingine."

Njura alipumua kwa nguvu. Akaichukua kalamu, akatia sahihi mahali pa mzazi, polepole, akisukuma kila herufi. "Nimeombwa, nimetoa. Huyu kijana hakuombwa. Ni mtu mzima, atajisemea." Akaingia ndani, na Rwamba akamfuata na ungo wake.

Munyi aliweka nyundo chini. Alikuja akaketi upande wa pili wa meza, akazitazama fomu. Vidole vyake vilikuwa na nta.

"Umesikia redio leo?" aliuliza.

"Nilikuwa njiani."

"Taarifa ya saa saba. Vyuo vya serikali vimeahirisha kufungua. Mpaka itakapotangazwa tena."

Akilini Makandi alimwona mwana wa Kaberia akiinua shati kuukuu sokoni, akiita wateja. Alijiona yeye, nyumbani, akipeleka nyasi kwa ng'ombe, mwaka huu, na mwaka ujao, huku barua ya serikali ikigeuka rangi sandukuni. Alimsikia baba yake. Fomu ya kuacha ilikuwa mbele yake, ameshaitia sahihi ndani ya gari, lakini bado ilikuwa karatasi tu. Karatasi huchanika.

"Bado unaomba?" Munyi aliuliza.

"Bado."

"Nikuulize kitu. Sisi ni gichiaro, kwa hivyo utanijibu." Hakuwa na hasira, hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungekuwa na barua ya India peke yake, ungekuja?"

Alilitafuta jibu zuri. Yalikuwepo mengi, na msichana aliyeongoza darasa kwa miaka minne hakosi maneno. Lakini alikuwa ameshadanganya nyumba hii mara moja.

"Nisingekuja," alisema. "Ningetia sahihi leo asubuhi, ningepanda ndege, na ningekuandikia barua ya pole. Hata sasa sitaki. Nimekuja, lakini sitaki."

Munyi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyehesabiwa chenji yake na kuikuta sawa. Akaishika kalamu kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akazivuta fomu. Hazikuja.

"Basi toa mkono," alisema.

Makandi akatazama chini. Kiganja chake kilikuwa kimezikandamiza karatasi mezani kwa uzito wake wote, kucha zimekuwa nyeupe, na hakujua kimekuwa hapo tangu lini. Aliuambia mkono uondoke. Ulichukua muda kusikia.